Bega Ndo Mtaji, Mura: Fuata Nyayo za Maumivu

Pale mpakani Sirari unasalimiwa kwa Sheng ya Isebania na unalipwa kwa shilingi ya nchi yoyote kati ya mbili, ila gunia lina uzito uleule pande zote. Linakaa palepale pia: begani. Leo tunaongelea bega. Hilo hilo unaloshikia usukani wa boda, unalonyanyulia nyundo kwenye duara la machimbo, unalolimia shamba la mzee, na we sista wa saluni unaloning'iniza hewani masaa matano ukisuka kichwa kimoja.

Bega likizingua, mishe zote zinalala. Hesabu ya bosi haifiki, kodi ya geto inachelewa, msosi unakuwa wa kuungaunga. Nasema hivi kwa sababu yamenikuta.

Kuna msimu nilikuwa napiga ruti ya Tarime hadi Mugumu, kilomita themanini na ushee za kupanda na kushuka, enzi hizo vumbi na mawe kwa kwenda mbele. Alfajiri Tarime baridi inakata, unaendesha mabega yamepanda hadi masikioni. Ukifika Mto Mara jua limeshawaka, lakini mkono bado umeng'ang'ania usukani. Miezi ikapita, bega la kulia likaanza kuuma kwa mbele, ndani kabisa, kama kuna msumari umepigwa humo. Nikapaka dawa ya kuchua hapo mbele. Nikameza diklofenaki. Asubuhi maumivu yapo palepale. Kulalia ubavu ule ikawa noma, na jaketi nikawa navaa mpaka mtu anishikie mkono.

Nilichokuja kujifunza ndo kimenifanya niandike hapa: nilikuwa napaka dawa sehemu isiyo na kosa. Tatizo lilikuwa nyuma, kwenye kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni. Mbele palikuwa panapiga kelele tu.

Kwetu huku ng'ombe akiibiwa usiku, hakuna anayebaki zizini anakodolea macho kamba iliyokatwa. Watu wanafuata nyayo. Kwato zinapita shamba la huyu, zinavuka kijito, zinaingia kijiji cha pili, na zikiishia hapo basi kijiji hicho ndo kinaulizwa. Bega linataka akili hiyohiyo, mura. Panapouma ni zizi. Mwizi yuko kwingine, na nyayo zake zinajulikana.

Mwizi mwenyewe: fundo ni kitu gani

Papasa msuli wa juu ya bega lako sasa hivi, kati ya shingo na ncha ya bega. Bonyeza taratibu kwa vidole. Wengi mtakuta kama kamba iliyokaza, na kwenye kamba hiyo kuna kidoa kimoja kikiguswa unaruka. Kitaa tunaita fundo. Wataalamu wanaita triga pointi, na sifa yake kubwa ni kwamba ukiibonyeza inaweza kupeleka maumivu mbali na ilipo yenyewe.

Aliyeipa hii kitu jina kubwa ni mwanamama wa Marekani, Dokta Janet Travell, aliyezaliwa mwaka 1901. Alikaa miaka na wagonjwa, akibonyeza misuli na kuchora ramani: fundo likiwa hapa, maumivu yanatokea pale. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa John F. Kennedy, aliyekuwa anateswa na mgongo. Kennedy alipoingia Ikulu kama rais mwaka 1961 akamchukua awe daktari wake, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo kule. Mwaka 1983 Travell na mwenzake David Simons wakatoa kitabu kizito cha ramani hizo, na hadi leo watu wa tiba ya viungo wanakirejea.

Halafu kuna mwamba mwingine ninayemkubali kinoma, Clair Davies. Huyu hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa kutyuni piano, mtu wa kukaza na kulegeza nyuzi siku nzima, kama wazee wetu wanavyohangaika na nyuzi za litungu kabla ngoma haijaanza. Bega lake likaganda. Akajifungia na vitabu vya Travell na Simons, akajikanda mwenyewe hadi mkono ukarudi, na mwaka 2001 akatoa kitabu cha kufundisha watu wa kawaida kujitibu mafundo kwa mikono na vifaa rahisi. Mtu wa spana kaokoa bega lake mwenyewe. Hiyo inanipa moyo sana, maana nusu ya sisi huku ni watu wa spana.

Niwe mkweli kwenu: wanasayansi bado wanabishana fundo ni kitu gani hasa ndani ya nyama. Travell na wenzake walisema ni nyuzi za msuli zilizojikunja zikagoma kulegea, damu haipiti vizuri, hivyo uchungu unajazana pale. Mwaka 2015 watafiti wengine wakaandika kwenye jarida la Rheumatology kuipinga nadharia hiyo. Ubishi huo waachie wao. Kwa mtu wa kitaa la kushika ni hili: kukandamiza kunaweza kukupa nafuu ya muda, na mazoezi ndo yanayosaidia nafuu hiyo idumu. Ukifanya moja ukaacha jingine, utarudi palepale kila siku.

Nyayo tatu za kuzijua

Ya kwanza ni ya wana wa boda na wa nyundo. Bega linauma kwa mbele, ndani, wakati mwingine linashuka mkononi. Nyayo zake zinaishia nyuma, kwenye msuli unaolala juu ya kombe, unaoitwa infraspinatasi. Mkono wako unajua umekaaje begani? Kichwa cha mfupa wake ni kikubwa na kitundu chake hakina kina, kama embe limewekwa juu ya kisahani cha chai. Misuli minne midogo ndo inalizuia embe lisidondoke, na huyu ni mmoja wao. Kila ukishika usukani kwenye mawe, kila nyundo ikitua kwenye moko wa kuvunjia mwamba, yeye yuko kazini. Kumpata, muombe mshkaji apapase kombe lako. Atakuta ukingo wa mfupa umepita kama kimlima. Chini ya ukingo huo abonyeze polepole, kidole kwa kidole. Akilipatia fundo, utasikia yale maumivu ya mbele yanaitika. Yakiitika, kwato zimefika kijijini kwa mwizi.

Ya pili ni ya masista wa saluni, mafundi cherehani, na wote tunaoinamia simu hadi bando liishe. Kichwa kinagonga upande mmoja, panja linauma, wengine wanajua ni malaria kila wiki. Malaria huku ipo, kwa hiyo kapime kwanza. Ikitoka safi, angalia msuli wa juu ya bega, trapezia. Mafundo yake yanapanda shingo, yanazunguka nyuma ya sikio, yanatua kwenye panja.

Ya tatu ni ya madereva, makonda na waliolala vibaya: shingo imegoma kugeuka, ukiitwa unageuka mwili mzima. Tafuta kona ya juu ya kombe, ile ya upande wa uti wa mgongo. Hapo unakaa msuli unaonyanyua kombe, levata skapula. Baridi ya alfajiri inatufanya tukunje mabega, na yeye ndo anayeyashikilia huko juu njia nzima.

Zana: nyingi unazo tayari

Kitenesi ndani ya soksi. Hii ndo namba moja. Chukua mpira wa kitenesi, utumbukize kwenye soksi ndefu. Simama mgongo ukutani, soksi umeitupia juu ya bega, mkono umeshika ncha yake kwa mbele. Mpira ukae kwenye nyama ya kombe, usikae kwenye uti wa mgongo. Miguu isogee hatua moja mbele, halafu egemea taratibu. Ukitaka mkazo zaidi unaegemea zaidi, ukizidi unajitoa. Kupandisha na kushusha mpira unavuta soksi tu. Kwa fundo la infraspinatasi, geuza mwili kidogo upande wa bega linalouma ili mpira uingie kwenye kombe vizuri. Kitenesi kikikosekana, mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kubana unafanya kazi. Jiwe hapana. Jiwe linapasua mishipa midogo ya damu na kukuachia damu iliyovilia.

Bakora. Wazungu wanauza mpini uliokunjwa kama ndoano, umetengenezwa maalum kwa kujikanda mgongo. Sisi wazee wetu wanatembea nayo. Bakora yenye kichwa kilichopinda inafika pale mkono hauwezi kufika: juu ya bega na kona ya kombe. Omba kwa heshima, maana fimbo ya mzee haichukuliwi hivihivi. Zungushia kitambaa kwenye ncha ili isichome, itundike begani, ncha itue kwenye fundo, halafu vuta mpini chini kwa mikono miwili kwa upole. Hapo unatumia uzito wa mikono, vidole havichoki.

Mashine ya masaji, ile ya umbo la bastola inayotetemeka, siku hizi ipo kwenye maduka ya vifaa vya simu. Ni kali, kwa hiyo iheshimu. Anza na spidi ya chini kabisa, kichwa laini cha duara, dakika moja au mbili kwa msuli mmoja, iende ikitembea. Usiipeleke shingoni kwa mbele, kwapani, wala juu ya mfupa. Kama huna hela yake, hujapitwa. Kitenesi kinafika palepale.

Na mikono ya bibi. Kwetu bibi akikuchua anapaka samli, anatafuta kwa kidole gumba, akilipata fundo anatulia hapo kimya. Hajasoma ramani ya Travell, lakini kidole chake kinasoma nyama. Ukiwa na bibi wa hivyo, keti chini, mshukuru, na ujifunze.

Kukandamiza kwa akili

Sisi watu wa huku tumelelewa kuvumilia. Mwanaume halii, mwanamke hasemi. Kwa hiyo ukimpa mtu mpira anataka kuumaliza msuli kwa siku moja. Acha. Fikiria kipimo cha maumivu cha sifuri hadi kumi. Kaa kwenye tano, sita, mwisho saba. Unapaswa kusikia uchungu ule unaokufanya uvute pumzi na kusema "hapo hapo", huku pumzi ikiendelea kutoka. Ukijikuta umekaza meno, umezidisha, na msuli utajikaza kujilinda, basi umepoteza kazi yote.

Ukishalipata fundo, tulia juu yake sekunde 30 hadi 60, au pitisha mpira juu yake taratibu mara kama kumi. Pumua kwa kina. Mara nyingi utasikia ule ukali unashuka wenyewe. Ukishuka, hamia sehemu nyingine. Dakika tano zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku: kabla ya kuwasha boda, mchana ukisubiri kichwa stendi, na usiku kabla ya kulala. Kidogo kidogo kila siku kinashinda kikubwa cha Jumapili.

Baadaye kanda kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, kisha tembeza bega: lizungushe nyuma, leta mkono mbele ya kifua na uuvute kwa mwenzake, sekunde 20. Msuli uliolegea unahitaji kukumbushwa njia yake.

Sasa zoezi lenyewe. Kila boda ina mpira wa kufungia mzigo, ule uliokatwa kwenye tyubu. Ufunge kwenye mti au nguzo usawa wa kiwiko. Simama ubavu kwa mti, bega zima ndo liwe karibu na mti. Mkono wa bega bovu ushike mpira, kiwiko kimekunjwa na kimebana ubavuni, halafu vuta kwenda nje kama unafungua mlango. Rudisha taratibu. Mara 10 hadi 15, pumzika, rudia hadi raundi tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Mpira uwe laini. Kama unakutoa jasho mwanzoni, ni mgumu mno. Zoezi hili linamjenga infraspinatasi, yuleyule anayelishikilia embe. Mpe wiki sita kabla hujamhukumu.

Hapa usijikande, nenda hospitali

Hii sehemu soma mara mbili, halafu msomee na mwenzako.

Kama bega au mkono wa kushoto unauma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba na pumzi kukata, huo unaweza kuwa moyo. Weka mpira chini, tafuta usafiri muda huohuo. Kama umedondoka na boda au umepigwa na mwamba, na bega limebadilika umbo au mkono haunyanyuki kabisa, mfupa unaweza kuwa umevunjika au umechomoka. Anayekuja kukuvuta kienyeji mzuie. Kama vidole vinakufa ganzi au mkono unakosa nguvu hadi unaangusha kikombe, mshipa wa fahamu unabanwa na mpira hautausaidia. Kama kuna homa, uvimbe wa moto, au maumivu ya usiku yanayozidi tu wiki hadi wiki, kamuone daktari. Wenye kisukari muwe macho zaidi, maana bega kuganda linawapata wao kuliko wengine. Na unayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, usijikandamize kabla hujauliza.

Usikande shingo kwa mbele, kuna mishipa mikubwa ya damu. Usichimbe kwapani, kuna mishipa ya fahamu ya mkono mzima. Kuna msuli wa bega unaofikiwa kwa njia hiyo, lakini huo mwachie mtaalamu wa fiziotherapia. Anza hospitali ya wilaya. Wakiona inahitajika watakupa rufaa ya juu, hadi Bugando kule Mwanza.

Na hivi vidonge, wana. Najua diklofenaki inapatikana duka la dawa bila maswali, na najua duara halikusubiri upone. Lakini kuimeza mwezi baada ya mwezi kunachimba vidonda tumboni na kuchosha figo. Bega linatibika. Figo ikifa hakuna soksi ya kuitengeneza.

Kabla fundo halijazaliwa

Rudi kwenye chanzo. Ukiwa barabarani, kila ukipita daraja au bango, shusha mabega yako chini, legeza viwiko, legeza vidole kwenye usukani. Vaa jaketi zito alfajiri ili mwili usijikunje. Mwambie fundi akusogezee usukani kama unaunyooshea mikono mithili ya mtu anayeufukuzia. We wa nyundo, badilishaneni mkono na mtu. We sista, mteja akae kiti cha chini, viwiko vyako vishuke, na kila baada ya mistari kadhaa ya nywele simama uzungushe mabega. Simu inyanyue ije usoni, uso usiifuate simu.

Mi bega langu lilichukua karibu miezi miwili. Wiki ya kwanza nilipata usingizi. Ya tatu nikavaa jaketi mwenyewe. Mpira wa tyubu sijauacha hadi leo, na chini ya kiti cha boda ipo soksi moja ya shule, kitenesi ndani.

Mwanzo nilikuwa najitenga nyuma ya duka ili nijikande. Siku moja mzee mmoja anayebeba magunia pale stendi akaniona, akauliza nafanya nini. Nikamuonyesha. Nilipapasa kombe lake, nikashuka chini ya ukingo, na nilipobonyeza akashika bega lake kwa mbele akasema, "Mura, umejuaje?" Tangu siku hiyo soksi haikai tena chini ya kiti changu muda mrefu. Inazunguka kijiweni. Na kwenye ukuta ule wa duka, usawa wa mgongo wa mtu mzima, rangi imeanza kufutika.